Joho la Profesa Si Joho la Jaji

Kila inapofunguliwa kesi kubwa mahakamani, kabla jaji hajaandika hata mstari mmoja wa uamuzi wake, hukumu huwa imekwisha kutolewa mahali pengine. Hutolewa saa mbili usiku katika taarifa ya habari, na mtu aliyeketi mbele ya rafu ya vitabu vinene. Jina lake huandikwa chini ya kioo cha televisheni, likitanguliwa na neno Profesa na kufuatiwa na maneno "mtaalamu wa sheria". Huulizwa maswali matatu, huyajibu kwa dakika tano, na asubuhi yake katika ofisi ya wilaya na katika chumba cha walimu watu huambiana kwamba jambo limekwisha, kwa kuwa profesa amesema.

Mazoea haya yameota mizizi kiasi kwamba hakuna anayeyashangaa tena. Lakini jambo linalogusa haki za wananchi haliwezi kuachwa liendeshwe na mazoea. Yafaa basi yaulizwe maswali ambayo watangazaji hawayaulizi. Profesa huyu amesema kama nani? Je, amesema kama mwalimu wa sheria, kama wakili wa upande mmoja, au kama raia mwenye maoni yake? Nani anamlipa, na kwa kazi ipi? Na ikidhihirika baadaye kwamba alikosea, ni nani atakayebeba hasara: ni yeye, au ni yule mwananchi aliyemwamini?

Maswali haya hayaulizwi kwa nia ya kuwafunga wasomi midomo. Yanaulizwa kwa sababu neno la msomi lina uzito mkubwa katika nchi hii, na uzito huo haukushuka kutoka mbinguni. Umegharimiwa na watu, na watu hao wanayo haki ya kujua unavyotumiwa.

DENI LA MLIMANI

Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi wake hawakufika 20. Hawakuwa na majengo ya fahari wala maktaba kubwa. Walisomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na chuo hakikuhamia Mlimani hadi mwaka 1964. Haikuwa bahati nasibu kwamba sheria ilitangulizwa mbele ya udaktari na uhandisi. Wanasheria Waafrika wa Tanganyika wakati ule walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na taifa lisilo na wanasheria wake lingeendelea kufafanuliwa sheria zake na wageni, yaani na watu walewale waliozitunga kwa ajili ya kulitawala.

Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobakia, ili apate nguvu za kusafiri kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila akashiba, kisha asirudi, amekisaliti kijiji kizima. Mfano huo ulitolewa katika miaka ya 1960, lakini haujachakaa hata kidogo. Profesa wa sheria wa leo ni mtoto wa chakula kile. Mkulima wa pamba wa Kwimba na mkulima wa kahawa wa Mbinga walimlipia karo kabla hawajamaliza kuezeka nyumba zao wenyewe.

Kwa hiyo profesa anapofika mbele ya kipaza sauti kuwafafanulia wananchi sheria, hafanyi hisani. Analipa deni. Na deni hulipwa kwa kitu kilekile kilichokopwa. Alikopeshwa fursa ya kujua, naye hulipa kwa kujulisha. Akifika pale akatoa ushabiki, au ubashiri, au utetezi wa mteja wake, huku akiuita elimu, hajalipa kitu. Amekopa mara ya pili.

NDANI YA MAHAKAMA NA NJE YAKE

Tofauti baina ya elimu na utangazaji yaonekana vizuri katika shauri la mgombea binafsi, ambalo kila mtumishi wa umma wa rika la makamo analikumbuka. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kupendekezwa na chama cha siasa. Bunge likarekebisha Katiba kulizuia jambo hilo. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena. Serikali ikakata rufani.

Mahakama ya Rufani haikujifanya kujua kila kitu. Iliwaita wataalamu kuwa marafiki wa mahakama, yaani watu wasio upande wowote katika shauri, ambao kazi yao ni kuwasaidia majaji kufikiri. Miongoni mwao walikuwa walimu wawili wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Jwani Mwaikusa. Walisimama mbele ya majaji saba. Kila walilolisema lilisikiwa na pande zote mbili, ambazo ziliweza kulijibu. Tarehe 17 Juni 2010 majaji hao walitoa uamuzi kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, na kwamba wa kuliamua ni Bunge. Miaka mitatu baadaye, mwezi Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ililitazama suala hilohilo kwa kipimo cha Mkataba wa Afrika, nayo ikaona vinginevyo.

Msomaji na apime mwenyewe. Hili ni suala ambalo mahakama zenye majaji waliobobea zililitazama kwa karibu miaka 20 na zikatofautiana. Zilisikiliza hoja kwa siku nyingi, zikasoma sheria za nchi nyingine, zikaandika kurasa kwa kurasa za sababu. Kisha anatokea mtu katika televisheni anatamka kwamba "sheria iko wazi kabisa", na mtangazaji anamshukuru kwa kuondoa utata. Ikiwa sheria ingekuwa wazi kabisa, shauri lile lisingesafiri kutoka Dodoma hadi Arusha.

Profesa aliyeitwa kuwa rafiki wa mahakama na profesa aliyeitwa na televisheni huenda wakawa mtu yuleyule, mwenye shahada zilezile. Lakini mamlaka ya maneno yake si yaleyale. Mle ndani amejibiwa na kuhojiwa, na lililo dhaifu limechujwa. Huku nje hakuna wa kumjibu. Mtangazaji anayemhoji hajasoma sheria, wala hakupewa muda wa kuisoma. Mwalimu anayemsikiliza Nachingwea hana simu ya kumwuliza swali. Kwa hiyo maneno ambayo mahakamani yangekuwa hoja moja miongoni mwa hoja nyingi, katika televisheni hugeuka kuwa amri. Amevaa joho la profesa, na watu wanaliona joho la jaji.

FUNZO KUTOKA MAREKANI

Nchi iliyotangulia kuonja mazoea haya, na kuonja uchungu wake, ni Marekani. Mwaka 1995 mchezaji mashuhuri wa zamani wa mpira wa Kimarekani, O. J. Simpson, alihukumiwa mjini Los Angeles kwa shtaka la kumwua Nicole Brown Simpson, aliyekuwa mkewe, na Ronald Goldman. Kesi ilionyeshwa moja kwa moja katika televisheni kwa muda wa miezi mingi. Vituo vya televisheni vilikuwa na saa nyingi za kujaza, na kila mapumziko ya mahakama yalihitaji mtu wa kusema. Hapo ndipo mawakili na maprofesa wa sheria walipogeuka kuwa watangazaji wa kila siku, wakieleza nani ameshinda asubuhi na nani ameshinda alasiri, kama kwamba haki ya watu wawili waliouawa, na ya mtu mmoja aliyeshtakiwa, ni mchezo wa kuhesabu mabao. Tarehe 3 Oktoba 1995 wazee wa baraza, baada ya kushauriana kwa muda usiofika saa nne, walimwona Simpson hana hatia. Mamilioni ya watu waliokuwa wamekwisha kupewa hukumu nyingine sebuleni mwao walipigwa na butwaa.

Lililo la maana zaidi ni lililotokea baadaye. Maprofesa wawili waliokuwa miongoni mwa wachambuzi wa kesi hiyo, Erwin Chemerinsky na Laurie Levenson, waligeuka nyuma wakaitazama kazi waliyokuwa wameifanya. Mwaka 1996 waliandika katika jarida la sheria makala kuhusu maadili ya mchambuzi wa kesi, wakapendekeza wachambuzi wajiwekee kanuni: mtu asichambue jambo asilokuwa na ujuzi nalo, na asifiche maslahi aliyo nayo katika jambo analolichambua. Hawakuambiwa na serikali wafanye hivyo. Waliona wenyewe kwamba heshima ya taaluma yao ilikuwa ikiuzwa kwa reja reja.

Wenzao wengi hawakuwasikiliza. Mwaka 2001 Richard Posner, jaji wa mahakama ya rufani huko Chicago na mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha mji huo, alitoa kitabu kuhusu wasomi wanaosemea mambo ya umma. Alionyesha ugonjwa wao mkubwa: husema nje ya fani walizozisomea, na hakuna anayetunza hesabu ya makosa yao. Fundi akijenga ukuta ukaanguka, hanyimwi lawama. Msomi akibashiri, na ubashiri ukaanguka, hualikwa tena wiki ijayo kueleza kwa nini umeanguka.

Ushahidi ulipatikana tena katika shauri la sheria ya bima ya afya ya Rais Barack Obama. Sheria ilipopingwa mahakamani mwaka 2010, maprofesa wengi wa sheria walisema kwamba pingamizi hilo ni mzaha, kwa maana Bunge la nchi hiyo linayo mamlaka ya kusimamia biashara na hivyo linaweza kumlazimu raia awe na bima. Tarehe 28 Juni 2012 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi. Majaji watano kati ya tisa waliikataa hoja hiyo ya biashara iliyoitwa ya hakika. Sheria iliokolewa kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa njia nyingine kabisa, kwamba faini ya asiye na bima yaweza kuhesabiwa kuwa kodi. Asubuhi hiyo hiyo vituo viwili vikubwa vya televisheni, CNN na Fox News, viliwatangazia watu kwamba sharti hilo limefutwa, kwa sababu havikusubiri kuisoma hukumu hadi mwisho.

Na mwaka 2018 zaidi ya walimu wa sheria 2,400 walitia saini barua iliyochapishwa na gazeti la New York Times, wakilitaka Seneti lisimthibitishe Brett Kavanaugh kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Seneti lilimthibitisha. Huenda walikuwa na haki katika madai yao. Lakini elimu haihesabiwi kwa vichwa. Hoja moja nzuri ya mtu mmoja haiwi nzuri zaidi kwa kutiwa saini na watu 2,400, na hoja mbovu haiponi kwa saini hizo. Msomi anayejiunga na umati ili jina la kazi yake lifanye kazi ambayo hoja yake imeshindwa kuifanya, ameacha usomi akashika kampeni. Kampeni si dhambi, ila iitwe kwa jina lake.

Ikiwa katika nchi ile, ambako habari ni bidhaa kama sabuni, wapo wasomi waliothubutu kujikosoa hadharani, hapa nchini, ambako msomi amesomeshwa kwa jasho la umma, kinachozuia ni nini?

MTOTO WA SHULE NA HUKUMU

Yupo atakayesema kwamba haya ni mabishano ya wakubwa, ya uchaguzi na majaji, na kwamba mtu wa kawaida hadhuriki. Hilo si kweli, na walimu ndio wanaolijua zaidi.

Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinakwenda kinyume cha Katiba. Vifungu hivyo vilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata miaka 14 kwa kibali cha mahakama, ilhali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Uamuzi ulikuwa wa kihistoria na furaha ilikuwa kubwa. Masikioni mwa watu wengi habari ikawa fupi: sheria imefutwa.

Lakini haikuwa imefutwa siku ile. Mahakama ilimpa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka mmoja wa kusahihisha kasoro hizo, na Katiba, katika ibara ya 30, inasema kwamba sheria iliyopewa muda wa kusahihishwa huhesabiwa kuwa halali mpaka isahihishwe au muda huo uishe. Kisha Serikali ikakata rufani. Mahakama ya Rufani haikuitupilia mbali rufani hiyo hadi tarehe 23 Oktoba 2019. Kati ya tarehe hizo mbili ni zaidi ya miaka mitatu.

Na afikiriwe mwalimu mkuu wa shule ya kijijini katika miaka hiyo, mzee mmoja anapofika ofisini kwake kumtaka binti wa darasa la saba kwa sababu mahari imekwisha kupokewa. Mwalimu huyo hahitaji kuambiwa nani ameshinda Dar es Salaam. Anahitaji kujua atamwambia nini mzee huyu asubuhi hii. Akijibu kwamba Sheria ya Ndoa imefutwa, na mzee akamleta mtu wa kumwonyesha kwamba bado imo vitabuni, mwalimu amepoteza heshima, na pengine binti amepotea pia.

Mwanasheria aliyetimiza wajibu wake angemwambia mwalimu huyo jambo moja ambalo halikutegemea rufani hata kidogo. Mwaka huohuo wa 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu, likafanya kuwa kosa la jinai kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, kwa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Kwa maneno hayo machache mwalimu angekuwa na silaha mkononi, na mzee angerudi na mahari yake. Huo ndio ufafanuzi wa sheria. Hauna mbwembwe, hauwavutii wauza matangazo, lakini unamwokoa mtoto. Kipimo cha profesa mbele ya umma ni hiki: je, baada ya kumsikiliza, mwalimu wa kijijini anajua la kufanya kesho asubuhi?

LUGHA YA KUFICHA

Jambo la pili ni lugha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 iliandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ilichukua miaka 60 ya Uhuru kufika hapo, na haikuwa safari rahisi. Hata hivyo wapo walimu wa sheria ambao, wakiulizwa swali kwa Kiswahili, huanza sentensi kwa Kiswahili, huipitishia Uingereza, na kuimalizia katika Kilatini. Msikilizaji huachwa na hisia kwamba ameambiwa jambo zito, bila ya kujua ni jambo gani.

Kasumba hii haina budi kupigwa vita. Mtu anayelijua jambo barabara huweza kulieleza kwa lugha ya mama yake mzazi. Mwenye kushindwa, ama hajalielewa, ama hataki lieleweke. Na sheria isiyoeleweka ni mtaji wa mwenye kuifahamu. Mwananchi akishatishwa nayo, atakwenda kulipa ada ili atafsiriwe haki zake mwenyewe. Mkoloni alifaidika na hali hiyo. Haifai hata kidogo imfaidi mtoto wa mkulima.

KOFIA ZISIZOONEKANA

Jambo la tatu, na ndilo kubwa, ni maslahi. Mwalimu wa sheria wa siku hizi mara nyingi si mwalimu tu. Asubuhi anafundisha, mchana ni wakili mwenye ofisi mjini, jioni ni mshauri wa kampuni au wa shirika lenye wafadhili ng'ambo, na huenda akawa pia mjumbe wa bodi au mwanachama mwenye nia ya kugombea. Hakuna kofia hata moja kati ya hizo iliyo haramu. Lililo haramu ni kuzificha nne na kuionyesha moja tu, ile inayoaminiwa na watu, yaani ya uprofesa.

Mwaka 2023 nchi nzima ilijadili makubaliano baina ya Tanzania na Dubai kuhusu uendelezaji wa bandari, ambayo Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni. Wasomi wa sheria walitofautiana hadharani, na si vibaya, kwa sababu jambo lilikuwa la taifa. Lakini mwananchi wa kawaida alihitaji kwanza afafanuliwe tofauti kati ya makubaliano ya serikali mbili na mkataba wa kibiashara wa kuendesha gati. Alihitaji kuambiwa ibara hii inamfunga nani na kwa muda gani. Badala yake mara nyingi alipewa matusi na vigelegele, na hakuwa na njia ya kujua ni yupi kati ya wasemaji ana mteja nyuma yake na ni yupi hana. Tarehe 10 Agosti mwaka huo Mahakama Kuu huko Mbeya ililitupa shauri la kuyapinga makubaliano hayo. Waliobaki wamekasirika walibaki hivyo, na waliobaki wameshangilia walibaki hivyo pia, na wote wawili hawakuwa wameongezewa elimu.

Hapa haki inataka ukweli usemwe wote. Lawama hii haiwahusu wapinzani wa Serikali peke yao. Profesa anayeisifu sheria ya wizara huku akiwa na mkataba wa ushauri na wizara hiyohiyo, asiuseme, naye anawadanganya wananchi, hata kama maneno yake yanawapendeza viongozi. Sifa za mtu wa namna hiyo ni sumu kwa Serikali kuliko lawama za mpinzani mkweli, kwa sababu siku maslahi yake yatakapofichuka, kila jema alilolisema litageuka kuwa shaka. Mwalimu alipoandika kijitabu chake cha Tujisahihishe mwaka 1962, aliwaandikia wanachama wa TANU kwanza, kabla ya kuwaandikia watu wengine. Msingi huo haujabadilika.

PINGAMIZI NA MAJIBU

Wako watakaodai kwamba hoja hizi ni njama ya kuwanyamazisha wasomi. Wajibiwe kwa utulivu. Uhuru wa maoni umo katika ibara ya 18 ya Katiba, na ni wa profesa kama ulivyo wa mchoma mkaa. Anayo haki ya kuipenda sheria, kuichukia, kuitaka ifutwe, na kusema hivyo mchana kweupe. Wala hapatakiwi sheria mpya. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 114, imekwisha kumkataza mtu yeyote kupotosha shauri lililoko mahakamani au kulisemea kwa namna ya kuupendelea upande mmoja. Kinachodaiwa hapa ni kile ambacho polisi hawezi kukileta, nacho ni uaminifu.

Wako pia watakaosema kwamba mwananchi ana akili zake, atachuja mwenyewe. Ni kweli ana akili. Lakini akili huchuja kilichowekwa mezani. Asiyeambiwa kwamba msemaji ni wakili wa mlalamikaji atachuja nini?

Wahariri nao hawana pa kujificha. Wao ndio wanaompigia profesa simu dakika ishirini kabla ya habari, wakijua kwamba hukumu yenye kurasa mia moja imetoka alasiri ileile. Wao ndio wanaotaka jibu fupi na kali, na humwacha yule mwangalifu anayesema "bado sijaisoma yote". Kumbe katika jioni hiyo mtu huyo pekee ndiye aliyesema kitu cha kisomi. Mhariri anayejua kazi yake humsubiri hadi kesho.

LINALODAIWA

Yanayodaiwa ni mambo manne, na hakuna hata moja lililo gumu. Kwanza, profesa anayechambua shauri aseme mapema kama ana mteja, ada, cheo au nia yoyote katika jambo hilo, na mtangazaji amwulize asiposema. Pili, atenganishe mambo matatu ambayo leo yanachanganywa katika chungu kimoja: sheria ilivyo, sheria anavyotaka iwe, na hukumu anavyobashiri itakuwa. Tatu, aseme Kiswahili kinachoeleweka na mwalimu wa shule ya msingi na karani wa kata. Nne, akikosea arudi. Arudi mahali palepale, saa ileile, aseme kwamba wiki iliyopita aliwaambia watu hivi, na mahakama imeonyesha vingine, na sababu ni hizi. Hakuna mhadhara wa sheria utakaowafundisha wananchi zaidi ya dakika hizo tano za kujisahihisha.

Watumishi wa umma na walimu nao wana sehemu yao. Hao ndio wanaolichukua neno la profesa kutoka kwenye kioo na kulipeleka barazani, darasani na katika mkutano wa kijiji. Kabla ya kulipeleka na waulize: hii ni sheria, ni maoni, au ni utabiri? Rufani imekatwa au haijakatwa? Hukumu yenyewe imesomwa na nani? Hukumu za mahakama za nchi hii si siri; husomwa hadharani na huchapishwa.

Mwaka 1961 wanafunzi wachache walipewa vyumba katika nyumba ya Chama ili taifa lipate watu wa kulifafanulia sheria zake. Waliowapa vyumba hivyo wengi wao wamekwisha kufariki, na hawakudai kodi ya pango. Wajukuu wao wako vijijini, wana kesi za mashamba, za mirathi na za ndoa, na bado wanasubiri kufafanuliwa. Wao ndio wenye deni lao, na wanayo haki ya kulidai kila usiku profesa anapoketi mbele ya vitabu vyake na kufungua kinywa.